Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Wapeni wanafunzi utenzi mmoja mzima

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia wewe, na kupitia kwako nawaandikia wakuza mitaala na watahini wa Kiswahili nchini Kenya. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa, Kaunti ya Kilifi. Katika mfumo wa 8-4-4 ambao sasa unaelekea ukingoni, mwanafunzi ameweza kusoma Kiswahili kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, akafanya mtihani, akapata A safi, na asiwe amesoma utenzi hata mmoja wa kale kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi limefika Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026, na Fasihi ya Kiswahili imepewa nafasi yake katika masomo ya Sayansi za Jamii. Naomba humo ndani pawe na utungo mzima wa kale, usomwe wote, tena usomewe darasani.

Mwalimu yeyote wa kidato cha tatu na cha nne anaijua karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili, ile ya fasihi. Linaletwa shairi la beti tano au sita. Mwanafunzi halijui, hamjui aliyelitunga wala kilichomsukuma kulitunga. Anaulizwa umbo. Anahesabu mishororo: minne, basi ni tarbia. Anahesabu mizani, yaani silabi: nane kwa nane. Anatazama vina vya ukwapi na vya utao, yaani vya katikati na vya mwisho wa mshororo, anataja kibwagizo kama kipo. Anatafuta inkisari (neno lililofupishwa), mazida (lililorefushwa), tabdila (lililobadilishwa herufi) na kuboronga sarufi, kila kimoja na mfano wake. Anauandika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. Alama zinapatikana, nami huwafundisha wanafunzi wangu namna ya kuzipata, kwa sababu ndiyo kazi niliyoajiriwa. Istilahi hizo si mbaya. Wametuachia watu waliolijua shairi ndani nje. Lakini kuzifundisha peke yake ni kumkaririsha mtoto viungo vyote vya pilau asiwahi kupakuliwa sahani.

Nitataja mambo yanayowapita watoto hawa.

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa, na ugonjwa umekwisha kutimiza mwaka. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate karibu na Lamu, aliyepambana miaka mingi na utawala wa Zanzibar. Akamwita bintiye, akamwambia atwae wino na karatasi, moyoni mna jambo apendalo kumwambia. Kisha zinafuata beti mia moja na ushei: ashike dini, awe na adabu, awe mkweli, aketi vipi na watu, vipi na mume, nyumba aiweke vipi, na mwishoni dua ndefu ya mama anayejua kwamba hatakuwapo. Wapo wasomaji wanaoona humo unyenyekevu uliopita kiasi kwa mume. Wapo watafiti wanaosema kwamba chini ya unyenyekevu ule kuna werevu wa mwanamke aliyejua kuishi na wenye nguvu na kupata alitakalo. Mimi nataka wasichana na wavulana wabishane juu ya hilo, kila mmoja akiweka kidole kwenye ubeti anaoutegemea. Mabishano ya namna hiyo hayawezekani kwa beti mbili zilizonyofolewa. Anayesoma beti za mume bila kusoma zile za ugonjwa na za dua hajui anayesema naye ni nani.

Mfano wa pili niliushuhudia mwenyewe. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye magofu ya Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17 na ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Safari ilikuwa ya somo la historia, mimi nikiwa mwalimu wa kusindikiza. Tulipofika penye kuta za nyumba za wakubwa nikawasimamisha, nikawasomea mishororo miwili ya Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Utungo wenyewe unazungumzia kasri za Pate, wala si Gede, lakini mahame ni mahame. Kimya. Halafu msichana mmoja akasema kumbe zisahani ni visahani. Mwenzake akauliza nyuni ni nini, na kabla sijajibu, mvulana ambaye wazazi wake wametoka Machakos akasema nyuni ni ndege, kwao Ukambani wanaita nyunyi. Mwingine akadakia kwamba kwa Kikikuyu ni nyoni. Wakaivunja mishororo ile wao wenyewe: pale palipopangwa vyombo vya thamani, sasa wamelala makinda ya ndege. Wakatazama juu. Vidaka vilikuwapo ukutani, vitupu. Hatukuondoka hapo upesi. Walitaka kujua wenye nyumba walikwenda wapi, na mtunzi alikuwa akimwambia nani maneno hayo. Nikawaambia alikuwa akiuambia moyo wake mwenyewe, kwamba utazame waliokuwa na mali na taa na sahani, uone walikofikia.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kila ninapopendekeza mashairi ya kale huambiwa kwamba lugha yake ni ngumu, ni Kiamu, lahaja ya Lamu, mtoto wa bara hataiweza. Yule mtoto wa Machakos ndiye aliyetufungulia mlango. Kiswahili cha kale kinakaribiana na lugha za nyumbani za watoto wengi wa Kenya kuliko tunavyodhani, na lahaja za kaskazini zimehifadhi maneno ambayo Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, kiliyaacha nje. Ugumu upo, sikatai. Lakini ugumu wenyewe ndio unaomfundisha mtoto kusoma.

Hapa niseme kuhusu Kilatini, maana kuna wenzetu wamelifikiria suala hili muda mrefu kuliko sisi. Kwa karne nyingi mtoto wa shule Ulaya aliwekewa mbele maandishi ya Kaisari, ya Cicero, ya Virgil, akayasoma sentensi moja kwa siku nzima ikibidi. Hakutarajiwa kwenda kuongea na Mrumi. Alikuwa akizoezwa kutoliruka neno asilolijua, kutafuta kitenzi kiko wapi na nani anamtenda nani, kupima maana mbili na kuchagua moja kwa hoja. Mpaka leo Italia ina shule za sekondari ambazo vijana wanasoma Kilatini na Kigiriki cha kale kila wiki. Watoto wa China wanakariri mashairi ya enzi ya Tang yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. India inafundisha Kisanskriti. Nchi hizi zinaunda magari, dawa na vyombo vya anga, na hazijaona kwamba mashairi yanawapunguzia wahandisi.

Uingereza inatupa onyo pia. Utafiti wa British Council wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika gredi za mwanzo za sekondari Kilatini kilifundishwa katika asilimia 2.7 tu ya shule za serikali za England, huku shule za kulipia zikiwa asilimia 49. Serikali ikatenga pauni milioni 4 kukipeleka katika shule kadhaa za serikali kuanzia 2022. Serikali iliyofuata ikaukata mradi huo Februari 2025, katikati ya mwaka wa masomo, wanafunzi wakiwa wameshaanza. Iliyobaki ni hali ileile ya zamani: mtoto wa tajiri anasoma maandishi ya kale kama haki yake ya kuzaliwa, mtoto wa mfanyakazi anaambiwa hayamfai, ajifunze yenye ajira. Mheshimiwa, hilo ndilo linaloniudhi hasa. Kila mara tunapoamua kwamba jambo fulani ni zito mno au halina faida kwa watoto wa wanyonge, hatulifuti duniani. Tunawaachia wengine walifaidi.

Kwetu ni vivyo hivyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikuwa ya barazani na vitani. Alitunga kuhusu mapenzi, njaa, na siasa za Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, dhidi ya Sayyid Said wa Zanzibar, na watu wa kawaida waliyashika kichwani. Yangepotea kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingeyakusanya kwa wazee wa Mvita, yaani Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19 na kuyaandika. Karatasi hizo alipewa mmishenari William Taylor, nazo leo ziko London, kwenye maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika. Nyingine za Lamu, zilizonakiliwa kwa mkono wa Muhammad Kijumwa, ziko Hamburg. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili Ujerumani anaweza kukaa na tenzi zetu mwaka mzima. Wa Kilifi, anayepita mtaani palipotungwa nyingine za aina hiyo, anazisikia kwa majina tu katika orodha ya bahari, yaani aina, za ushairi.

Kuna wanaoogopa dini. Wanasema tungo hizi ni za Kiislamu, na shule zetu ni za watoto wa dini zote. Nalichukua jambo hili kwa uzito, kwa sababu wazazi wanaoliuliza wana nia njema. Ni kweli, zimeandikwa na Waislamu na zimejaa imani yao. Lakini mapadri na wachungaji walifundisha Virgil kwa karne nyingi, na Virgil amejaa miungu ya Kirumi. Hakuna darasa lililotoka humo likaenda kumchinjia Jupita ng'ombe. Walijua tofauti ya kusoma na kuabudu. Taylor na wamishenari wenzake waliokesha na tungo hizi walikuwa Wakristo walioshika dini yao. Mtoto wa Kikristo atayakuta katika Al-Inkishafi maonyo ambayo ameshayasoma katika kitabu cha Mhubiri, na mwalimu mzuri atamwacha ayalinganishe.

Zaidi ya hayo, humu ndimo mtoto wetu anaweza kukutana na ulimwengu wa kale kupitia mlango wa nyumbani kwake. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, kwa ombi la Sultani wa huko. Una zaidi ya beti 1,000, na adui mkuu ndani yake ni Herekali, yaani Heraclius, kaisari wa Rumi aliyetawala kutoka Constantinople. Mtunzi wa kisiwani Pate, akiandika Kiswahili kwa vina, anamzungumzia kaisari wa dola iliyokuwa ikiongea Kigiriki na kujiita ya Warumi! Nenda upande wa pili: katika karne ya kwanza, mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari za Bahari ya Hindi, akaitaja pwani yetu kwa jina la Azania na soko lake la Rhapta, akataja pembe za ndovu, magamba ya kasa, na vyombo vya baharini vilivyoshonwa kwa kamba. Mtoto wa Lamu aliyesikia habari za mitepe atajua palepale ni vyombo gani. Kurasa hizo chache, zikitafsiriwa vizuri, zinafaa kusomwa katika historia ya Gredi ya 10 sambamba na utenzi katika somo la fasihi.

Na khati. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu kina alama za irabu tatu na sisi tuna irabu tano. Hakina p wala ch kama zetu. Waandishi wa Mvita na Lamu wakazirekebisha herufi, wakaongeza nukta na alama mpaka zikatosha. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alichapisha gazeti la Kiswahili kwa khati hiyo Mombasa mwaka 1930. Hata sasa maelfu ya watoto wa pwani wanakwenda chuo cha Kurani jioni na kusoma herufi zizo hizo. Wanajua kuzitamka. Hakuna aliyewaambia kwamba, kwa kuongeza alama chache tu, wanaweza kusoma barua na mashairi ya babu zao katika lugha wanayoiongea nyumbani. Nimewahi kuwaandikia ubao mzima kwa khati na kuwaona wakisoma kwa sauti, mwanzo kwa kusitasita kama wanasoma Kiarabu, kisha mmoja anagutuka: "Mwalimu, hiki ni Kiswahili!" Sikuhitaji kuwaambia tena kwamba wametoka kwa watu walioandika. Siombi khati iwe ya lazima. Naomba iwe mada ya hiari ya wiki chache kwa shule inayoitaka, Mombasa au Kisumu, na mtoto wa dini yoyote aweze kuichukua kama anavyochukua Kifaransa au Kijerumani.

Kuhusu ajira sitasema mengi, kwa sababu hoja hiyo huletwa dhidi ya kila kitu kisicho na mashine. Anayeweza kusoma ubeti wa Muyaka akaueleza kwa ushahidi anaweza kusoma mkataba. Ila nitamtaja mtu mmoja. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu za kisiasa kuanzia 1969 hadi 1972, kijana wa ishirini na kitu, na gerezani akatunga mashairi yaliyotoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Yasome uone yalivyosimama: tarbia iliyokamilika, Kimvita cha wazee, vina havitetereki, na ndani yake hasira na uamuzi wa mtu aliyekataa kuvunjwa. Ujuzi huo aliupata nyumbani na kwa wazee waliomlea katika ushairi, hakuupata gerezani. Alipofungiwa, urithi ulikuwa umeshamkaa. Wanafunzi wangu wengi hawana mzee wa namna hiyo. Wana shule tu.

Nayaeleza sasa ninayoyaomba kwa namna inayoweza kutekelezwa. Utungo wa kuanzia uwe Utendi wa Mwana Kupona, kwa sababu ni mfupi, una sauti ya mtu mmoja anayesema na mtoto wake, na unaweza kumalizwa katika muhula mmoja kwa vipindi viwili vya wiki. Gredi ya 11 isome Al-Inkishafi pamoja na mashairi ya Muyaka yaliyochaguliwa. Tambuka wote ni mrefu kwa shule; sehemu yake ndefu inatosha. Kitabu cha mwanafunzi kiwe chembamba, ubeti upande mmoja na maelezo ya maneno upande wa pili, pamoja na ukurasa wa picha ya mswada wenyewe. Pawe na sauti zilizorekodiwa na waimbaji wa Lamu na Mombasa, kwa sababu tenzi zilitungwa zighaniwe, na mwalimu wa Kitale asiyejua mahadhi yake asiachwe ahangaike peke yake. Watunzi wamefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, hakuna wa kudai malipo ya utunzi. Kinachohitaji kulipiwa ni uhariri na uchapishaji.

Walimu wanaogopa, nami nawaelewa. Wengi wetu tulifika chuo kikuu tukapewa historia ya ushairi kwa muhtasari, tukahitimu. Semina za likizo zikifanyika pwani, waalikwe pia malenga na wahifadhi wa miswada wasio na shahada. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alijifunza tenzi kwa bibi yake Lamu na akawa mwalimu wa maprofesa wa nchi nyingi. Wapo wazee wengine wanaojua kama yeye au karibu naye, na umri wao mnaujua.

Halafu mtihani, kwa kuwa mtihani ndio unaoamua nini kifundishwe, hata mtaala useme nini. Mtahini aulize swali moja tu la insha juu ya utungo mzima uliosomwa: kwa nini mtunzi amefika hapa baada ya pale, ubeti huu ungeondolewa kungepungua nini, unakubaliana na mama huyu au la, toa ushahidi. Maswali ya mizani na vina yabaki, ila yasiwe ndiyo yote.

Gredi ya 10 ya mwaka huu itafanya mtihani wake wa mwisho mwaka 2028. Kitabu kikipelekwa kwa wahariri kabla ya Agosti, kinaweza kuwa mikononi mwa wanafunzi hao Januari 2027 watakapoingia Gredi ya 11, na bado wakabaki na miaka miwili ya kukisoma. Mimi na walimu wenzangu wa kaunti hii tuko tayari kukijaribu katika madarasa yetu na kuwaandikia kila muhula kilichofaulu na kilichokwama.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili, Kaunti ya Kilifi